Nyota Tatu na Miale Minane: Kisa cha Bendera ya Ufilipino

Neno bendera tulilipata kwa Wareno. Walipoishika pwani yetu katika karne ya kumi na sita walikuja na bandeira zao zikiwa juu ya milingoti ya merikebu, na neno lao likabaki hapa baada ya wenyewe kufukuzwa. Mbali huko mashariki, katika visiwa zaidi ya elfu saba ambavyo Wahispania waliviita kwa jina la mfalme wao Felipe wa Pili, lilitokea jambo linalofanana na hilo. Wafilipino waliichukua bandera ya Kihispania wakaitamka bandila, ingawa wanalo pia neno jengine, watawat, na hilo ndilo wanalolitumia katika kiapo chao cha utii. Hivyo sisi na wao tunakiita kitambaa hiki kitukufu kwa neno lililotoka kwa mtawala wa kigeni.

Waswahili tuna msemo kwamba bendera hufuata upepo, nasi tunamkusudia mtu asiyekuwa na msimamo. Bendera ya Ufilipino haiingii vizuri katika msemo huo, kwani kwa muda wa miaka kumi na miwili ilikatazwa isiuone upepo kabisa. Katika makala haya nataka kukieleza kisa chake, kwa sababu watu wengi wanaposifu adabu ya Wafilipino mbele ya bendera yao, jinsi wanavyosimama wima na kuweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya moyo, hudhani kuwa adabu hiyo ni zao la sheria na nidhamu ya shule tu. Sheria ipo, na nitaifikia. Lakini kabla ya kuwapo sheria ya kuiheshimu bendera hii palikuwapo sheria ya kuifunga.

Bendera yenyewe haikushonwa Ufilipino. Ilishonwa Hong Kong, katika nyumba ya watu waliokimbia kwao. Mapinduzi dhidi ya Hispania yaliyoanzishwa Agosti 1896 na chama cha siri cha Katipunan yalikuwa yamesimama kwa mapatano ya Disemba 1897, na kiongozi wake, Emilio Aguinaldo, alikubali kwenda uhamishoni pamoja na wenzake. Huko ndiko alikochora mfano wa bendera na kumpelekea Marcela Agoncillo, mke wa mwanasheria Felipe Agoncillo, mzaliwa wa mji wa Taal katika jimbo la Batangas. Bibi Marcela aliifanya kazi hiyo kwa siku tano. Alisaidiwa na binti yake Lorenza, aliyekuwa bado mtoto mdogo, na mwanamke kijana aliyeitwa Delfina Herbosa de Natividad.

Inafaa tumtazame kidogo huyu Delfina, maana vitabu vingi vinamtaja kwa jina tu kisha vikampita. Alikuwa mpwa wa José Rizal, tabibu na mwandishi wa riwaya ambaye Wahispania walimpiga risasi mjini Manila tarehe 30 Disemba 1896. Lakini msiba wa nyumba yao ulianza kabla ya hapo. Baba yake, Mariano Herbosa, alikufa kwa kipindupindu mwaka 1889, na makasisi wakakataa asizikwe kwa ibada ya Kikristo kwa kuwa alikuwa shemeji yake Rizal. Binti aliyeona maiti ya baba yake ikinyimwa ardhi ya wenzake ndiye aliyeketi Hong Kong miaka tisa baadaye akitia sindano katika hariri. Hakuishi kuiona nchi yake ikiwa huru. Alifariki mwaka 1900 angali kijana. Msomaji atakapokutana, huko mbele, na kifungu cha sheria kinachoeleza namna bendera inavyotandikwa juu ya jeneza la shujaa, na amkumbuke Mariano Herbosa.

Aguinaldo aliichukua bendera hiyo akasafiri nayo katika manowari ya Kimarekani, McCulloch, akawasili Cavite tarehe 19 Mei 1898. Marekani wakati huo ilikuwa vitani na Hispania, na adui wa adui alionekana kuwa rafiki. Bendera ikafunguliwa mara ya kwanza tarehe 28 Mei, baada ya ushindi wa Alapan. Tarehe 12 Juni ikapeperushwa katika nyumba ya Aguinaldo huko Kawit, mbele ya umati wa watu, huku bendi ikipiga muziki uliotungwa na Julián Felipe, muziki ambao wakati huo haukuwa na maneno. Tangazo la uhuru lilisomwa na mwanasheria Ambrosio Rianzares Bautista.

Tangazo hilo lina sehemu moja ambayo haifundishwi kwa shangwe, nayo ndiyo yenye kutia uchungu kuliko zote. Mwishoni linafafanua maana ya bendera. Pembetatu nyeupe ni alama ya Katipunan. Nyota tatu ni visiwa vikuu vitatu: Luzon, Mindanao na Panay. Miale minane ya jua ni majimbo manane ambayo Wahispania waliyatangazia hali ya vita mara tu maasi yalipoanza. Na rangi za buluu, nyekundu na nyeupe? Hizo, linasema tangazo, ni kumbukumbu ya bendera ya Marekani, kwa shukurani za ulinzi ambao taifa hilo kubwa linawapa na litaendelea kuwapa Wafilipino. Miongoni mwa watu 98 waliotia saini alikuwamo ofisa mmoja wa mizinga wa Kimarekani. Jemadari wa manowari za Marekani, George Dewey, alialikwa lakini alitoa udhuru, hakuja.

Kutokuja kwake kulikuwa na maana. Tarehe 10 Disemba mwaka huohuo, katika Mkataba wa Paris, Hispania iliitoa Ufilipino kwa Marekani kwa dola milioni ishirini. Felipe Agoncillo, mume wa yule bibi aliyeshona bendera, alikwenda Paris kutaka asikilizwe kwa niaba ya nchi yake, na hakupewa nafasi. Tarehe 4 Februari 1899 askari wa Kimarekani alifyatua risasi kwenye viunga vya Manila, na vita vikaanza baina ya bendera mbili zenye rangi zilezile. Wapiganaji wa Kifilipino zaidi ya 20,000 waliuawa, na raia wanaokadiriwa kufikia 200,000 walikufa kwa mapigano, njaa na maradhi. Aguinaldo alikamatwa Machi 1901 kwa hila. Bendera ya Hong Kong, kwa maelezo yake mwenyewe, ilipotea katika kukimbia kaskazini mwa Luzon.

Hapa hapana budi kusema kitu ambacho wapenzi wa mashujaa hawapendi kukisikia. Pembetatu ya bendera inaitukuza Katipunan, lakini mwasisi wa Katipunan, Andrés Bonifacio, aliuawa Mei 1897 kwa hukumu ya baraza la serikali ya Aguinaldo huyuhuyu. Alama nyeupe ya udugu iliwekwa na mtu aliyemwondoa ndugu mkubwa. Sioni kuwa jambo hili linaichafua bendera. Ninaona linatuonya tusimpime mzalendo kwa kitambaa alichokiinua.

Wamarekani waliposhinda walitaka kiapo. Kila kiongozi aliyekamatwa alitakiwa kuapa utii kwa dola mpya, na waliokataa wakapelekwa katika kisiwa cha Guam. Miongoni mwao walikuwamo wawili ambao ningependa kuwaweka bega kwa bega. Wa kwanza ni Apolinario Mabini, mwanasheria aliyepooza miguu, aliyekuwa akichukuliwa kwa kiti na ambaye ndiye akili ya serikali ya mapinduzi. Alikaa Guam zaidi ya miaka miwili akikataa. Mwaka 1903 akakubali kuapa ili arejee, akarejea Manila Februari, na Mei akafa kwa kipindupindu. Wa pili ni Jenerali Artemio Ricarte. Yeye hakuapa kamwe. Alihamishwa, akarudi kwa siri, akafungwa kwa miaka sita, akatolewa, akatakiwa tena aape, akakataa tena, akahamishwa tena, mwisho akaishi Japani. Msimamo wa namna hiyo ni wa kustaajabisha. Lakini Wajapani walipoivamia Ufilipino, Ricarte alirudi kwao pamoja nao, akawatumikia, akafa milimani mwaka 1945 akiwa upande wa jeshi lililowatesa wananchi wake. Mmoja alivunjika mara moja ili akafie kwao. Mwengine hakupinda hata siku moja, na kutopinda kwake kukamfikisha mahali pabaya. Mimi nimemchagua Mabini, na msomaji ana hiari yake.

Katika miaka ile ya mwanzo ya utawala mpya, kudai uhuru hadharani kulikuwa kosa chini ya sheria ya uchochezi ya Novemba 1901. Watu wakakimbilia jukwaani. Michezo ya kuigiza ya Kitagalog ikawa na wahusika wenye majina ya mafumbo, bibi harusi akiwa ni nchi na mwizi akiwa ni mtawala, jambo ambalo msomaji wa mashairi yetu ya mafumbo hahitaji kufafanuliwa. Aurelio Tolentino alitiwa mbaroni mwaka 1903 kwa mchezo wake Kahapon, Ngayon at Bukas, yaani Jana, Leo na Kesho. Palikuwa pia na ufundi uliotumia mavazi: waigizaji walivishwa nguo za rangi mbalimbali, kila mmoja peke yake hana neno, na mchezo ukifika mahali fulani walisogeleana wakajipanga, na ghafla mbele ya macho ya watazamaji ikasimama bendera. Kisha wakatawanyika. Askari aliyekuwapo ukumbini angemkamata nani, mwenye kanzu nyekundu au mwenye nyeupe?

Katazo lenyewe la bendera lilikuja mwaka 1907. Julai ya mwaka huo ulifanywa uchaguzi wa Baraza la kwanza la wananchi, na chama kilichotaka uhuru kikashinda. Katika shangwe hizo zikaonekana bendera za mapinduzi. Wamarekani waliokaa Manila wakaghadhibika, wakafanya mkutano mkubwa, na tarehe 23 Agosti Tume ya Ufilipino ikapitisha Sheria Namba 1696. Ilikataza kuonesha bendera, alama au kitu chochote kilichotumika katika kile walichokiita uasi. Adhabu ilikuwa faini kuanzia peso 500 hadi 5,000, au kifungo kuanzia miezi mitatu hadi miaka mitano, au vyote pamoja.

Namna sheria hiyo ilivyofanya kazi inaonekana katika kesi moja ndogo iliyofika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1909. Mfanyabiashara mmoja wa Kichina, Go Chico, alikuwa na duka katika mtaa wa Rosario mjini Manila. Agosti 1908 yalionekana katika dirisha na makabati ya duka lake medali ndogo mfano wa vifungo, zenye sura ya Aguinaldo na picha ya bendera. Go Chico alieleza kuwa hakuijua sheria hiyo, na kwamba bidhaa zile alizinunua siku moja kabla katika mnada. Mnada wa nani? Mnada wa hadhara ulioendeshwa na afisa wa serikali yenyewe, mwenye kazi ya kukazia hukumu za mahakama. Hata hivyo majaji walisema kuwa nia si sharti la kosa hili. Kuonesha ndiko kosa. Akatozwa peso 500. Basi serikali iliuza kwa mnada, kisha ikamtoza faini mnunuzi. Ninaitaja kesi hii kwa sababu inaonesha ukubwa wa hofu: dola yenye manowari ilikiogopa kifungo cha nguo.

Katazo lilidumu hadi Oktoba 1919. Gavana Francis Burton Harrison alitangaza tarehe 30 ya mwezi huo kuwa Siku ya Bendera, na watu wakatafuta vitambaa. Lakini madukani buluu iliyokuwapo kwa wingi ilikuwa buluu iliyoiva, ile ya bendera ya Marekani. Bendera ikashonwa kwa kilichopatikana, na kizazi kizima kikakua kikidhani kuwa ndiyo rangi yake. Mabishano juu ya buluu halisi yaliendelea kwa karne nzima. Mwaka 1985 Rais Ferdinand Marcos aliamuru itumike buluu isiyoiva. Mwaka uliofuata akapinduliwa, na rangi yake nayo ikaondoka. Sheria ya mwaka 1998 ndiyo iliyokata shauri kwa kuchagua buluu ya kati, si ile wala si hii.

Bendera hii ina jambo moja ambalo bendera nyingi hazina: hupinduliwa. Wakati wa amani buluu huwa juu. Nchi ikiwa vitani nyekundu hupanda juu. Vita vilipofika Disemba 1941 ilipinduliwa. Chini ya Wajapani ilikatazwa tena, kisha Oktoba 1943 ikaruhusiwa walipoisimamisha jamhuri ya José Laurel, na mkono uliosaidia kuipandisha siku hiyo ulikuwa wa Aguinaldo aliyekwishazeeka.

Tarehe 4 Julai 1946, uwanjani Luneta, bendera ya Marekani ilishuka na ya Ufilipino ikapanda peke yake. Marcela Agoncillo hakuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 30 Mei, wiki tano kabla. Aguinaldo aliiona, na inasimuliwa kuwa ndiyo siku alipoivua tai nyeusi aliyoivaa miaka yote kama vazi la msiba. Mwaka 1962 Rais Diosdado Macapagal aliiondoa sikukuu ya uhuru kutoka tarehe 4 Julai, ambayo ni sikukuu ya Wamarekani pia, akairejesha tarehe 12 Juni.

Sasa tuje katika sheria. Sheria ya Jamhuri Namba 8491, iliyotiwa saini Februari 1998, inaagiza afisi zote za serikali zipandishe bendera kila Jumatatu asubuhi kwa taadhima na kuishusha kila Ijumaa jioni. Inakataza bendera kufanywa kitambaa cha meza au pazia, kuvaliwa kama sehemu ya vazi, kuandikwa maneno ya biashara. Inakataza isitundikwe katika kumbi za dansi, nyumba za kamari na viwanja vya kupiganishia majogoo. Katazo hili la mwisho lina uzito kwa anayejua jinsi jogoo anavyopendwa Ufilipino. Ikitandikwa juu ya jeneza haitakiwi iteremke kaburini. Ikichakaa huchomwa moto kwa heshima, haitupwi. Wimbo wa taifa nao lazima uimbwe kwa mwendo wa muziki wa Julián Felipe, na ndiyo maana mwaka 2009 taasisi ya serikali ya historia ilimlalamikia mwimbaji Martin Nievera kwa namna alivyouimba mjini Las Vegas kabla ya ngumi za Manny Pacquiao. Sheria inasema pia kwamba uimbwe kwa hamasa. Kosa la kukanyaga sheria hii linaweza kumfunga mtu hadi mwaka mmoja.

Hamasa kwa amri ya sheria! Hapo ndipo penye mtihani, na watoto wa shule waliufikia kabla ya wanasheria. Tangu mwaka 1955 sherehe ya bendera ilikuwa lazima katika kila shule. Watoto wa madhehebu ya Mashahidi wa Yehova walikataa kuisalimu bendera na kuapa mbele yake, kwa kuwa imani yao huona kuwa hiyo ni ibada. Walifukuzwa shule. Mwaka 1959, katika kesi ya Gerona, Mahakama Kuu ilisema kuwa bendera si sanamu, ni alama, na kuisalimu si dini. Anayetaka elimu ya umma na afuate. Kwa muda wa miaka 34 hiyo ikawa ndiyo kauli. Kisha katika shule za Cebu watoto wengine wakafukuzwa, na kesi yao, Ebralinag, ikaamuliwa Machi 1993. Safari hii majaji walitazama kitu ambacho wenzao hawakukipa uzito: watoto hawa hawakuwa wakifanya fujo. Bendera ilipopanda walisimama wima, kimya, wakawaacha wenzao waimbe. Mahakama ikasema kuwa uzalendo haupatikani kwa kumfukuza mtoto darasani, na kumnyima elimu hakutamfanya aipende nchi. Watoto wakarudi shule.

Kwa maoni yangu uamuzi wa 1993 unaielewa bendera vizuri zaidi kuliko ule wa 1959. Bendera hii ilikwishawahi kupendwa pale ilipokuwa kuipenda ni jela. Haikuwa na mwalimu wa kuisimamia wala fimbo, na watu waliifanya kwa kanzu za waigizaji. Anayedhani kuwa itaanguka kwa sababu watoto kumi wamefunga midomo hajaisoma historia yake.

Lipo pia suala la mwale wa tisa. Kama tulivyoona, Mindanao ina nyota lakini haina mwale. Watu wa Sulu na Maguindanao, Waislamu ambao Wahispania waliwaita Moro, jina walilowaita Waislamu wa kwao, walipigana na Hispania kwa zaidi ya karne tatu na hawakutawaliwa kikamilifu. Machi 1906, juu ya mlima Bud Dajo katika kisiwa cha Jolo, majeshi ya Marekani yaliua mamia ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto. Ikiwa miale ni ya waliopinga wageni, wao wako wapi? Hoja ya kuongeza mwale wa tisa ilifika mbali Bungeni na katika Seneti mwaka 2008 na 2009, ikafufuliwa tena baadaye, na bado haijawa sheria. Wanaoipinga wanasema kuwa bendera ni hati ya mwaka 1898 na hati haisahihishwi. Miale ni ya majimbo yale manane kwa siku ile, si orodha ya mashujaa wote. Wanaoitaka wanajibu kuwa buluu imebadilishwa mara ngapi, na hakuna aliyesema historia imekufa.

Tangu mwaka 2019 Waislamu wa kusini wana mamlaka yao ya ndani, Bangsamoro, yenye bunge lake na bendera yake, inayopepea sambamba na ile ya taifa. Wasomaji wetu walioiona bendera ya Zanzibar ikirudi mlingotini mwaka 2005 watajua kuwa milingoti miwili mbele ya afisi moja huzua maswali yake. Huko Cotabato, makao ya Bangsamoro, maswali hayo ndiyo kwanza yanaanza kuulizwa, na jua lililoshonwa Hong Kong bado lina miale minane.